Tulichagua Walio Bora

Chanji, Sumbawanga
Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, na Baba pia umpe shikamoo yake. Naanza kwa kukuuliza hali ya shingo: je, uvimbe bado unakubana ukilala chali, au kupumzika baada ya kuvuna kumekupa nafuu kidogo? Na kifua cha Baba kinauchukuliaje upepo huu? Hapa Chanji upepo unapiga tangu asubuhi, mabati yanalia, na watu wanapita barabarani wameinamisha vichwa kama wanaotafuta kitu walichoangusha. Mimi ni mzima. Nakula, naenda kazini, narudi.

Najua umeshtuka kumwona aliyekuletea barua hii. Nakuomba, Mama, mpe kiti na maji ya kunywa, na usimwulize neno mpaka umalize kusoma. Amekubali kukaa kimya. Sikutaka kukupigia simu kwa sababu simu yako, kama tunavyojua, husikilizwa na kila aliye jikoni, na binti yako Hellena hujibu kabla yako. Barua utaisoma mwenyewe, taratibu, kama unavyosoma somo la kwanza kanisani.

Nianze na nguruwe, maana ndiko jambo hili lilikoanzia. Unakumbuka parokia ilipoleta dume yule mweupe, mrefu, mwenye mapaja ya mviringo, watu wakamwita Mwenyekiti kwa sababu hakuwa na haraka na kila aliyepita alisimama kumtazama. Na unakumbuka mpango wenyewe: familia inapewa jike mchanga, jike anapandwa na Mwenyekiti, na mtoto wa kike wa uzao wa kwanza anarudishwa kanisani siku ya matoleo ili apewe familia inayofuata katika jumuiya. Mimi nikaajiriwa kuwa karani wa mpango. Kazi yangu ni kuzunguka na mzani, kupima nguruwe wanavyokua, na kuandamana na gari wanapopelekwa sokoni.

Mwanzoni ilikuwa furaha. Nguruwe wetu wa zamani, wale weusi wenye pua fupi, walikuwa mafuta matupu. Wewe mwenyewe ulikuwa ukiyayeyusha na kukaangia maboga. Watoto wa Mwenyekiti walikuwa nyama. Walikua haraka, migongo mipana, mafuta chini ya ngozi membamba kama ganda la kitunguu. Wenye mabucha ya kitimoto hapa mjini waliacha kununua kwingine. Paroko akasema kwenye tangazo, baada ya komunyo, kwamba Ufipa sasa ina nguruwe wa kuoneshwa wageni, na watu wakapiga makofi.

Kisha wakaanza kufa.

Hawakuugua. Wa kwanza nilikuwa nimemfunga kamba ili nimpandishe kwenye mzani. Alipiga kelele kama wanavyopiga wote, halafu akanyamaza. Mkia ukatetemeka, ngozi ikajaa mabaka mekundu, akaanza kuhema mdomo wazi, miguu ikanyooka kama ya meza. Nilipomgusa alikuwa wa moto kama sufuria. Akafa pale pale, na kabla hatujaamua la kufanya alikuwa amekwisha kukakamaa. Wa pili alikufa akipandishwa kwenye gari. Wengine walikufa njiani, kabla ya Laela, bila kuguswa na mtu, kwa sababu tu gari liliruka shimo na mwenzao mmoja akalia. Na nyama yao, hata ya wale waliofika wazima, wachinjaji wakaanza kuilalamikia: imepauka, laini, inatoa maji kwenye kikaango kama iliyolowekwa.

Sote tulidhani ni homa ya nguruwe. Mabanda yakafungwa, watu wakatiwa majivu na dawa kwenye viatu. Damu ikapimwa, haikuonekana homa yoyote. Hapo ndipo maneno yalipogeuka. Wewe unaijua Sumbawanga yetu, Mama: kitu kikifa bila kuugua, watu huacha kuuliza ni ugonjwa gani, wakauliza nani alikuwapo. Nani alikuwapo kila mara? Mimi. Kule Kizwite walitunga mzaha kwamba ukimwona karani na mzani wake, injika sufuria. Mzee mmoja alinipokea vizuri sana, akanikaribisha ugali, kisha akanieleza kwa heshima zote kwamba nguruwe wake atampima mwenyewe kwa macho. Wanawake wakaanza kuwafunika watoto wao kanga usoni nikipita. Niliwaona. Nilitoa salamu kama kawaida.

Mboje, dereva wa gari letu, peke yake ndiye aliyeendelea kunitania. Kwao, anasema, ng'ombe hupigwa, husukumwa, huvuka mto kwa miguu kutoka Shinyanga mpaka bonde la Rukwa, na akifika ana njaa tu. Akasema nguruwe wa Wafipa wanafanana na karani wao: wamesoma, wamenawiri, na wakisikia mlango umegongwa wanataka kuzimia. Nilicheka kwa sababu alitazamia nicheke. Moyoni nilikuwa nimeanza kuamini kwamba kweli mkono wangu una kitu.

Paroko ndiye aliyemwita Daktari Angela, mama mmoja mtu mzima aliyekuwa daktari wa mifugo serikalini kabla ya kustaafu. Hakuuliza nani alikuwapo. Aliuliza baba wa hawa waliokufa ni nani. Tukamwambia ni Mwenyekiti. Akauliza na baba wa mama zao. Tulitazamana, Mama. Alikuwa Mwenyekiti pia.

Akatueleza kwenye uwanja wa kanisa, amekalia ndoo, na hakuna aliyeondoka. Alisema kila mnyama anapokea vinasaba viwili vya kila jambo, kimoja kwa baba na kimoja kwa mama. Mambo mengi, kama kukua haraka na urefu wa mgongo, yanaamuliwa na vinasaba vingi vidogo vidogo, kila kimoja kikisukuma kidogo, na hivyo havina madhara. Mwenyekiti anavyo tele. Lakini anacho pia kimoja kilicho tofauti. Kinahusu vilango vidogo ndani ya misuli, vinavyofunguka msuli ukitaka kukaza na kufungwa ukitaka kulegea. Kwa hawa, vilango havifungi sawasawa. Msuli unajikaza hata mnyama amelala, unafanya mazoezi asiyoyajua mwenyewe, kwa hiyo unajaa na mafuta yanapungua. Mwenye kinasaba kimoja cha namna hiyo anapata nyama zaidi na kwa kawaida haponzwi nacho. Mwenye viwili, akishtuka, vilango vyote vinafunguka kwa pamoja na mwili unajiunguza kwa ndani.

Mzee Zephania, katekista, akauliza imekuwaje basi kitu cha dume mmoja kiingie kila banda kwa muda mfupi namna hii. Daktari Angela akauliza tulikuwa tukichaguaje watoto wa kurudisha. Zephania akajibu, kwa fahari kidogo, kwamba hapa hakuna mtu aliyewahi kurudisha mtoto dhaifu. Siku ya matoleo jumuiya nzima inatazama vikapu. Nilikukumbuka wewe, Mama. Yule mdogo mwenye mguu mbovu ulimbakiza, ukamtoa yule mnene aliyekuwa anashinda wenzake wote kunyonya, ukasema Mungu hapewi kilema. Kila nyumba ilisema hivyo. Daktari aliondoa miwani, akaifuta. Akasema amefanya kazi mikoa mingi na miradi ya kukopeshana mifugo ameiona, na kwingine watu huficha aliye bora na kurudisha aliye hafifu. Huko ubaya huu ungefia nyumbani kwa mtu. Ninyi, akasema, mmeubeba mlango kwa mlango kwa uaminifu wenu, kwa sababu aliye mnene kuliko wote ndiye alikuwa nao.

Mama mmoja nyuma akaguna tu.

Sasa nikueleze kilichotokea Alhamisi. Daktari Angela alitaka kutenganisha watoto wazima na wasio wazima bila kusubiri majibu ya maabara. Alisema ipo njia ya zamani waliyofundishwa chuoni: mtoto wa nguruwe anavutishwa dawa ya usingizi kwa kitambo kifupi, ile ya kuvuta kwa barakoa, iliyokuwa ikitumika kwa binadamu hospitalini na bado inatumika sehemu nyingi. Asiye na kasoro analala, analegea kama kitambaa kilicholowa. Mwenye viwili anakakamaa, na hapo unaondoa barakoa haraka. Mimi nilipewa kazi ya kushika.

Wa kwanza akalala, akalegea. Wa pili vilevile. Wa tatu alikuwa wa kike, mnene, mzuri. Nilimshika kifuani. Daktari akamwekea barakoa. Nikasikia miguu ya nyuma inanyooka mikononi mwangu, taratibu, halafu ya mbele. Taya likajifunga. Joto likapanda kupitia shati langu. Daktari akaondoa barakoa, akasema niachie, nami sikuachia. Akasema tena. Mboje ndiye aliyekuja kuvifungua vidole vyangu.

Mama, nilikuwa nimeishika miguu hiyo mara moja kabla. Siku ndugu yangu Yusto alipokufa, muuguzi aliniita nisaidie kumhamisha kutoka meza ya upasuaji, nikashika miguu. Magoti hayakukunjika. Alikuwa wa moto, na wewe uliyemwosha baadaye ulisema maji uliyommiminia yalipata joto. Taya lake mlishindwa kulifungua. Kijana mzima wa kubeba gunia la mahindi kila bega, aliyeingia kupasuliwa ngiri tu, akiwa anacheka na kuuliza watampa chakula saa ngapi.

Sikulia hapo. Hata sasa sijalia. Nimekuwa kama mguu uliokaliwa mpaka ukafa ganzi. Nauona, ni wangu, lakini nikiukanyagia sisikii sakafu. Nilisubiri mpaka watoto wote wakapimwa. Wazima walitiwa alama ya bluu, nao ndio watakaobaki kuwa wazazi. Jike wako mkubwa hajapimwa bado. Usimpandishe dume yeyote kwa sasa. Mwenyekiti amefungiwa peke yake, na bado watu wanakuja kumtazama.

Jioni nilimfuata Daktari Angela, nikamuuliza kama binadamu naye anaweza kuwa na kitu hicho. Akauliza kwa nini nauliza. Nikamsimulia habari za Yusto. Alinisikiliza amesimama, kisha akatafuta mahali pa kukaa. Akampigia simu daktari wa usingizi anayefahamiana naye, nami nilisimama pembeni nikisikia nusu ya mazungumzo. Alinieleza baadaye kwa uangalifu sana. Ndiyo, wapo watu wa namna hiyo, wachache mno. Wanaishi, wanalima, wanazeeka bila kujua. Hofu haiwaui kama nguruwe. Kwa kawaida ni dawa ndiyo inayokiamsha, ile ya kuvuta, na sindano moja ya kulegeza misuli inayoandamana nayo. Kwa binadamu hakihitajiki kutoka pande zote mbili. Kimoja tu, cha baba au cha mama, kinatosha. Akasema hospitali haikukosa, kwa maana hakuna aliyewaambia kitu, na kwamba hakuna aliyejua. Kisha akauliza kama kuna mwingine katika ukoo aliyefia mezani.

Sentensi inayofuata niliiandika kwanza kwenye karatasi nyingine, nikaisoma, ndipo nikainakili hapa. Nikamwambia yupo: Mjomba Ignasi, kaka yako wa tumbo moja, aliyepelekwa hospitali ya misheni kuungwa mguu kabla mimi sijazaliwa, akarudishwa amefunikwa blanketi. Ulitusimulia wewe mwenyewe kwamba walishindwa kumkunja mikono kifuani.

Kwa hiyo, Mama, kama ni hiki, hakikuingia kwetu kwa uji wa Shangazi, kama watu walivyosema. Hakikutoka upande wa Baba. Kilipita kwa Babu au Bibi, kikapita kwako, kikafika kwa Yusto. Huenda kiko kwangu. Huenda kiko kwa Hellena. Sina hakika, Daktari mwenyewe amesema hana hakika, na kipimo chake kwa binadamu hapa nchini hakipo karibu. Lakini ameniambia nisisubiri hakika, kwa sababu wewe unapanda meza ile ile Jumatano ya wiki ijayo kuondolewa uvimbe, na kwa upasuaji wa shingo watakulaza usingizi kamili.

Usiahirishe kwa hofu. Uvimbe ule utakuziba pumzi, na Daktari amesisitiza hilo. Ila kabla hujalala, mwambie anayekupa usingizi maneno haya tu: mwanangu na kaka yangu walikufa mezani, wamekakamaa na miili ina moto. Sema hivyo hata kama wana haraka. Sema hata kama wakikuambia, bibi, tulia. Atajua, na zipo dawa nyingine za mshipani ambazo haziamshi kitu hiki. Mimi nitakuwapo tangu Jumanne, siku moja kabla, na nikiona hujasema nitasema mimi. Unajua jinsi ninavyoogopa watu wenye makoti meupe. Nitasema.

Nakuomba usijitazame kwa jicho baya. Hukuchagua. Ulitupa ulichopewa, na Yusto alikuwa mzuri kuliko sisi wote.

Limebaki jambo moja, ambalo nililifanya bila ruhusa yako. Ijumaa Mboje alikuwa anashuka Mtowisa kuchukua mpunga, nikapanda naye. Nilikwenda kwa Shangazi Silvana. Tangu jumuiya ilipomwambia aondoke huko nyumbani Mpui kwa sababu ya uji aliompelekea Yusto jioni ya kabla ya upasuaji, wakisema ndio uliomwua, sikuwahi kufika kwake. Amepanga chumba karibu na mashine ya kukoboa, amekonda, na joto la bonde limemtoa vipele shingoni. Nilimweleza yote, nguruwe na Yusto na Mjomba Ignasi. Hakunikatiza. Nilipomaliza, nilidhani atasema juu ya miaka yake ya kufukuzwa, au juu ya wewe uliyeutupa uji wake mbele ya watu. Aliuliza tu kama uvimbe wako unakuzuia kumeza. Nikasema ndiyo, vitu vigumu. Akasema basi utahitaji uji mwepesi ukitoka hospitali, na hapo bondeni kuna mchele tupu. Akauliza kama naweza kumtafutia ulezi wa huku juu.

Alikuja na gari la Mboje jana. Mboje alimkalisha mbele, akamwita mama, akaendesha taratibu kwenye mashimo kama aliyebeba mayai. Leo tangu misa amekaa mlangoni kwangu anachambua ulezi. Jirani mmoja wa Mpui alimtambua, akavuka barabara. Shangazi alimwona, akaendelea kuchambua. Nilimwambia barua ningeweza kuipeleka mwenyewe. Akasema hapana, nina kazi, na yeye njia ya kwenda kwa kaka yake anaikumbuka.

Mama, kama huwezi kusema neno, usiseme. Mwache tu avuke kizingiti. Baba hajalitaja jina lake mbele yetu tangu aondoke, lakini nimemwona kila jioni anageuzia kiti chake upande wa barabara, na sasa nadhani najua kwa nini.

Nisalimie Hellena, umwambie asome barua hii baada yako, kwa maana naye inamhusu, na asiizungumze dukani. Wasalimie wanajumuiya wote, na Mzee Zephania akipita huko mwambie mzani nimeutengeneza. Yule mdogo wa mguu mbovu mnayemfuga jikoni mtunzeni; Daktari Angela amesema anataka kumpima, maana huenda ndiye mzima kuliko ndugu zake. Mungu awalinde mpaka tuonane Jumanne.

Mwanao akupendaye,

Isdori

Nimesahau: mfuko ulio miguuni pa Shangazi ni unga wa ulezi. Usiufungue leo. Ni wa siku utakapoamka.